Hataza Ikitoka Utatajirika? Muulize Benz

Wiki hii tena kijana kanijia na bahasha ya michoro ya mashine yake, anataka hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake. Swali la kwanza: "Hataza ikitoka, kampuni zitaanza kunilipa lini?" Upole umeniishia. Leo namjibu kwa habari za Karl na Bertha Benz wa Mannheim, Ujerumani, mume na mke walioanzisha gari la injini.

Dhana: hataza huleta pesa yenyewe. Karl aliombea hataza gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, akapewa namba 37435. Ilimpa haki ya kumzuia mwingine asiliige, basi. Kumtafuta mnunuzi ilikuwa shauri lake. Miaka miwili na nusu baadaye watu bado walilitilia shaka, na riziki ya nyumbani ilitoka kwenye injini za gesi za kuendeshea mitambo. Agosti 1888 Bertha akaondoka na wanawe wawili bila kumuaga mumewe, wakaliendesha hadi kwao Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Huko Wiesloch aliingia duka la dawa akanunua ligroini, kitu cha kutolea madoa, akaimimina kwenye gari kama mafuta. Breki zilipolika, fundi viatu alizigongomea ngozi. Vilimani watoto walisukuma, na ndiyo maana Karl akaongeza gia ya kupandia. Safari ile iliwafungua watu macho kuliko karatasi yoyote.

Ila angalia mpangilio: ombi Januari 1886, gari hadharani Julai 1886. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, hivyo ukianza kuonyesha kabla ya kuombea, unaweza kuuua huo upya mwenyewe. Kijana nilimwambia tuwasilishe ombi, kisha mashine itoke nje mwezi huohuo, maana ada za kila mwaka za kuitunza hataza hazimngoji mtu.

Dhana: kipaji kinatosha, mtaji utajileta. Karakana ya 1871 ilinusurika kwa sababu Bertha alitoa mahari yake (kule hutoka kwa wazazi wa mke) kumlipa mshirika msumbufu wa Karl, August Ritter, atoke. Walikuwa hata hawajaoana. Ndoa ilifungwa 1872.

Dhana: mke alikuwa msindikizaji. Kisa jina lake halimo kwenye hataza! Chuo cha ufundi cha Karlsruhe kilimpa useneta wa heshima (cheo cha heshima cha chuo, si cha siasa) Mei 1944, alipotimiza miaka 95. Siku mbili baadaye alifariki.