Kapasitansi Ikibadilika, Usikimbilie Kusema Multiferoiki

Nimeletewa tena grafu ileile: kidonge cha unga wa oksidi kimepakwa rangi ya fedha pande zote mbili, kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji) imebadilika kilipowekwa kwenye uga wa sumaku, na hitimisho ni kwamba spini, yaani visumaku vidogo vya atomi, ndizo zinazosukuma chaji, kwa hiyo oksidi hiyo ni multiferoiki: mata yenye mpangilio wa sumaku na wa umeme kwa pamoja. Grafu hiyo peke yake haithibitishi lolote la namna hiyo.

Fizikia ya oksidi hizi, ambazo ioni zake za sumaku zimejipanga kama mnyororo, ni nyepesi. Katika LiCuVO₄, spini ya kila ioni ya shaba (Cu²⁺) hutaka kuelekea upande mmoja na jirani yake wa kwanza, na kumpa mgongo jirani wa pili. Haiwezi kuwaridhisha wote wawili, kwa hiyo chini ya kelvini 2.5 hivi spini hujipanga kwa mzunguko kama nyuzi za skrubu, ulinganifu unavunjika na polarizesheni, yaani chaji chanya na hasi kutengana, inatokea. Wanafizikia Katsura, Nagaosa na Balatsky walilieleza hilo mwaka 2005. Katika Ca₃CoMnO₆ hakuna mzunguko: spini ni juu-juu-chini-chini, na kwa kuwa ioni za kobalti (Co²⁺) na manganizi (Mn⁴⁺) zinapokezana, ioni zikisogea kidogo tu chaji inaelemea upande mmoja.

Sasa turudi kwenye kidonge. Mipaka ya chembe zake hupitisha umeme kwa shida kuliko ndani ya chembe, kwa hiyo chaji hurundikana mipakani na mita inakusomea thamani ya dielektriki (kipimo cha mata inavyoitikia uga wa umeme) ya maelfu. Uga wa sumaku ukibadilisha ukinzani wa chembe, kapasitansi nayo inabadilika, bila spini kugusa polarizesheni hata kidogo. Mwanafizikia Gustau Catalan aliandika hivyo waziwazi mwaka 2006, na bado watu wanapima kwa frikwensi moja tu! Pima kwa nyingi. Kilele cha kapasitansi kikihama kila unapobadilisha frikwensi, na upotevu wa nishati uko juu, anza kushuku mipaka.

Kisha pima polarizesheni yenyewe. Poza sampuli ndani ya uga wa umeme, ondoa uga, unganisha elektrodi zake kwa muda, halafu ipashe joto polepole ukisoma mkondo wa pikoampea. Ukigeuza uga wa kupozea, mkondo nao lazima ugeuke. Hata hapo usitulie, kwani chaji zilizonaswa kwenye kasoro za fuwele nazo hugeuka. Badilisha kasi ya kupasha: kilele cha mkondo wa chaji hizo huhama, cha mpito wa sumaku (pale spini zinapojipanga) hubaki pale pale.

LiCu₂O₂, oksidi nyingine yenye minyororo ya shaba, bado inanisumbua. Polarizesheni yake, iliyoripotiwa mwaka 2007 chini ya kelvini 23 hivi, ni mikrokulombi chache tu kwa mita ya mraba, na ndani ya uga wa sumaku haikufuata nadharia ya mzunguko. Wanafizikia Moskvin na Drechsler wakasema chanzo ni lithiamu na shaba kubadilishana nafasi. Ioni hizo zinakaribiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo hoja yao siwezi kuipuuza. Naegemea upande wa mzunguko, ila fuwele nyingi za oksidi hii zina lithiamu iliyozidi ile ya kwenye fomula, na sijaona kipimo kinachotenganisha mambo hayo mawili kikaniridhisha.