Kubadilisha sili ya shafti inayovuja ukiwa nyumbani

Magari mengi madogo yanayoletwa kwangu yakidondosha oili ya giaboksi huvuja sehemu moja: pale shafti ya tairi la mbele inapoingia kwenye giaboksi. Sili ya hapo, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, unaweza kuibadilisha mwenyewe uani, ila jua kwanza kinachovuja ni nini, na kwa nini.

Oili nyembamba yenye wekundu, hata ikishazeeka na kuwa kahawia, kwa kawaida ni ya giaboksi ya otomatiki. Grisi nyeusi nzito iliyorukia ndani ya rimu inatoka kwenye buti ya shafti (mpira unaofunika jointi) iliyopasuka, na hiyo ni kazi nyingine. Oili ikitokea pale injini inapoungana na giaboksi, acha. Sili ya huko haifikiki mpaka giaboksi ishushwe, na kuishusha nyumbani simshauri mtu.

Sili inaharibiwa na umri na joto. Ukikaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, mchana wa jua kali, oili inachemka, mpira unakakamaa, na mdomo wa sili haubani tena. Lakini usimalize hapo. Itikise shafti juu na chini karibu na giaboksi. Ikicheza sana, bushi inayoishikilia imelika na sili mpya haitadumu. Angalia pia tundu la kupumulia la giaboksi. Tope likiliziba, presha inapanda na oili inajitafutia njia. Kama ulipita kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani wakati wa masika, tazama rangi ya oili: ikigeuka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameingia, usiliwashe tena gari hilo.

Ukienda Kariakoo kununua sili, nenda na namba ya chesisi, na useme ni ya upande gani; kushoto na kulia mara nyingi hazifanani.

Viwanja vyetu vingi ni mchanga, na jeki huzama. Weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, zuia matairi ya nyuma, na usiingie chini ya gari lililoegeshwa juu ya matofali. Nati kubwa ya habu, ile ya katikati ya tairi, ilegeze gari likiwa bado chini. Kisha nyanyua, toa tairi, mwaga oili kwenye chombo chenye vipimo, achia boli jointi (kiungo kinachoshika habu kwa chini), halafu ichokonoe shafti kwa mtarimbo pale inapogusana na giaboksi. Usiivute kwa kushika upande wa tairi, jointi ya ndani itaachana.

Sasa ndipo penye kazi yenyewe. Ing'oe sili ya zamani kwa kuipekua kwa ndani, bila kuparuza aluminiamu inapokaa, kwani mchubuko mdogo tu hapo unatosha kuvujisha. Kabla haijatoka, pima imezama kiasi gani. Pitisha ukucha kwenye shafti mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukikwama kwenye mfereji, shafti imelika. Sili mpya ipake oili ya giaboksi mdomoni, upande wenye springi ya duara uelekee ndani. Igonge taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake wa nje, ukizunguka, ili isiingie upande. Kuirudisha shafti, iinue iwe sawa na tundu na izungushe polepole, maana meno yake yakiuchana mdomo utaanza upya. Isukume mpaka usikie klipu imekamata.

Kwenye oili siwezi kukaa kimya. Wauzaji wengine watakuambia haidroliki, yaani oili za giaboksi ya otomatiki, zote ni moja. Si kweli! Toyota IST za mwanzo, za 2002 hadi 2007, zina otomatiki ya gia nne inayotumia oili ya Type T-IV. Nyingi zilizofuata zina CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, nayo ina oili yake; ukiitilia ya kawaida unaiua.

Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, kisha pitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki. Kwa giaboksi yenye dipstiki kama ya IST za mwanzo, pima oili ikiwa ya moto na injini ikiunguruma, uongeze kilichopotea kwa kuvuja. Nati ya habu ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha kukaza kilichowekwa kwa aina ya gari lako. Tembea kidogo, kisha pangusa kuzunguka sili kwa kitambaa kikavu. Kikitoka na wekundu, rudi kwenye bushi na tundu la kupumulia kabla hujanunua sili nyingine.