Kwa Nini Vigari vya Marekani Vilivyoko Mirihi Hutuma Picha Kupitia Chombo cha Ulaya?

Picha nyingi za mawe mekundu ya Mirihi tunazoziona zimepigwa na Curiosity na Perseverance, vigari viwili vya Marekani. Haziji duniani moja kwa moja. Hupokelewa kwanza na chombo kinachoizunguka Mirihi, na mara nyingi chombo hicho si cha Marekani. Ni Trace Gas Orbiter cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA, kilichorushwa mwaka 2016 kwa roketi ya Urusi kutoka Baikonur, Kazakhstan. Kimebeba vifaa vinne vya uchunguzi, viwili vya Ulaya na viwili vya Urusi, na redio inayovisikiliza vigari ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani. Imekuwaje mataifa yanayoshindana hivi yakutane ndani ya chombo kimoja?

Jibu linaanzia kwenye umbali. Mirihi ikitusogelea sana huwa kilomita milioni 55 hivi kutoka hapa. Ikienda upande wa pili wa Jua hufika milioni 400. Kigari kina antena ndogo na umeme wa kupimiwa. Curiosity ikizungumza na dunia peke yake haivuki biti 32,000 (biti ni chembe ndogo kabisa ya data) kwa sekunde, ilhali kwa chombo kilicho juu yake inaweza kupeleka hadi milioni 2. Tatizo ni kwamba chombo hicho huonekana kwa dakika nane tu, kisha kinazama upande wa pili wa sayari. Kwa hiyo kila sikio la ziada kule juu ni mali, hata likiwa la mgeni. Huku chini nako dunia inajizungusha: antena za NASA zilizoko California zikiipa Mirihi mgongo, lazima antena nyingine iendelee kusikiliza, ndiyo maana NASA ina vituo karibu na Madrid nchini Hispania na Canberra nchini Australia.

Hata hivyo, kilichowasukuma watu kutuma vyombo Mirihi hapo mwanzo ni ushindani. Mwaka 1971 Umoja wa Kisovyeti na Marekani zilikimbizana waziwazi. Mariner 9 ya Marekani iliingia kwenye mzunguko wa Mirihi wiki mbili hivi kabla ya Mars 2 ya Kisovyeti, na mwezi Desemba Mars 3, ya Kisovyeti pia, ikatua salama, ya kwanza kufanya hivyo, kisha ikanyamaza baada ya sekunde chache. Mbio za Asia zilikuja baadaye. Chombo cha kwanza cha China kwa Mirihi kilipotea mwaka 2011 pamoja na kile cha Urusi kilichokibeba. India ikafika Septemba 2014. Lakini India nayo, pamoja na fahari yake yote, ilisaidiwa na antena za NASA kufuatilia safari hiyo.

Pale ushirikiano unapovunjika, huvunjika vibaya, na hakuna aliyeumia zaidi ya Rosalind Franklin. Hiki ni kigari cha Ulaya chenye uwezo wa kuchimba hadi mita 2 chini ya udongo, ambako mionzi haijaharibu dalili za uhai wa kale. ESA iliungana na NASA kwenye mradi huo, lakini mwaka 2012 NASA ikajitoa kwa kukosa fedha. Urusi ikachukua nafasi: roketi yake, na jukwaa lake la kutua. Safari ikapangwa Septemba 2022. Februari mwaka huo Urusi ikaivamia Ukraine, na mwezi Machi ESA ikasitisha kila kitu, kigari kikiwa tayari. Mwaka 2024 NASA ikakubali kurudi, ikiahidi roketi, injini za kutua na vipasha joto, kwa safari ya 2028. Inauma kuona kazi ya maisha ya wanasayansi ikingojea hivi.

Ajabu ni kwamba Trace Gas Orbiter, mtoto wa mradi huohuo, hakikuacha kupitisha data za vigari vya Marekani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri. Ukigawana roketi na injini, mmoja akiondoka safari imekufa. Ukigawana masafa ya redio na namna ya kupanga data, kila mmoja anabaki na chombo chake na bado mnasikilizana.

Hata China na Marekani zimeonja hilo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inaizuia NASA kushirikiana moja kwa moja na China bila kibali maalumu. Hata hivyo, mwaka 2021 pande hizo mbili zilipeana taarifa za njia za vyombo vyao, visije vikagongana. Novemba mwaka huohuo, kigari cha China, Zhurong, kilirusha data kuelekea Mars Express ya Ulaya. Hakikuweza kusikia masafa ya chombo hicho, hivyo kilituma bila kujua kama kuna anayepokea. Mars Express ikainasa na kuileta duniani.

Mtihani unaofuata ni kuleta mawe ya Mirihi nyumbani. Mpango wa NASA na ESA ulikwama makadirio yake yalipofika dola bilioni 11, ingawa Perseverance imeshajaza mirija ya sampuli. China imepanga kurusha Tianwen-3, safari yake ya kuleta mawe hayo, mwaka 2028 hivi, na imetenga kilo 20 kwa ajili ya vifaa vya mataifa mengine.