Kupanua mradi si kuzidisha semina

Mradi wa kubadili desturi zinazogusa afya ya uzazi ya vijana ukifanikiwa vijiji vitano vya Mufindi, Tanzania, wengi hudhani iliyobaki ni hesabu ya kuzidisha: vijiji hamsini, fulana mara kumi, kazi kwisha. Sivyo.

Maarifa hukaa kichwani mwa mtu. Desturi hukaa kwenye "watu watasemaje". Binti wa miaka 17 anaweza kujua fika kwamba zahanati inatoa uzazi wa mpango na bado asiende, akiamini shangazi, mchungaji na hata muuguzi watamwona mhuni. Hao ndio wa kufikiwa, tena kwa mazungumzo ya kurudiarudia.

Mradi unapopanuliwa, muda ndio hufa kwanza. Vikao kumi na viwili vya kila wiki hubanwa kuwa semina ya siku mbili, tena mvua za Desemba zikiwa zimewapeleka watu shambani. Kisha mafunzo hushuka toka mkoa, wilaya, kata, hadi mwezeshaji wa kijiji anabaki na kipeperushi. Mtembelee kwenye kikao cha pili au cha tatu: akiulizwa kuhusu kondomu, hugeukia usafi wa mwili.

Na yale mabango ya "Mimba za utotoni zimekithiri"! Yanamwambia binti kuwa wenzake wote wako huko. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Karibu wanane kati ya kumi hawajapata. Anzeni kikao kwa kuwataja hao wanane.