Enameli ya ukutani ni nini hasa, na inakaaje kwenye nyumba zetu za pwani

Watu wengi wakisikia pambo la ukutani la enameli wanafikiria ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, basi, na huwezi kuwalaumu manake ukiingia duka la hadwea hapa Malindi ukauliza enameli utapewa mkebe wa rangi ya mafuta ya kupaka milango na grili. Ile ni rangi. Ikikauka inabaki rangi, jua linaipausha na ufunguo unaichuna. Enameli ninayotaka kuieleza hapa ni kioo, kioo cha kweli kabisa kilichosagwa kikawa unga, ule unga ukanyunyizwa juu ya bati la chuma au la shaba, likatiwa kwenye tanuri yenye moto wa kama digrii 750 mpaka 850 kwa dakika chache tu, unga ukayeyuka ukatandaa ukashikana na bati na zikitoka pale huwezi tena kuzitenganisha bila kuvunja.

Na kitu chenyewe si kigeni kwetu hata kidogo. Yale masinia makubwa meupe yenye maua katikati na ukingo wa buluu, yale yanayotolewa siku ya arusi pilau ikapakuliwa watu wakakaa kulizunguka, yale ni enameli. Chukua moja la zamani ulitizame vizuri pale lilipobanduka. Juu kuna weupe. Chini ya weupe kuna tabaka jengine jembamba la rangi nyeusi inayoelekea buluu, halafu ndo chuma chenyewe, ambacho mara nyingi kishashika kutu. Lile tabaka jeusi huwa na kobalti ndani yake na ndilo linalokishikanisha kioo na chuma, bila yake ule weupe wa juu ungeng'oka mapema sana. Mtu akishaliona hilo tabaka kwa macho yake hatadanganywa tena na rangi ya mkebe.

Kazi ngumu iko kwenye kutanuka. Chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hunywea, kioo nacho vivyo hivyo lakini si kwa kipimo kimoja, sasa fundi akikosea mchanganyiko wa kioo chake pambo likipoa linaingia nyufa nyembamba au vipande vinaruka vyenyewe, wakati mwengine hata siku kadhaa baadae liko ukutani hakuna aliyeligusa. Ndo maana bati jembamba kwa kawaida hutiwa enameli mbele na nyuma, ili mvutano ulingane bati lisipinde. Kwa hivyo ukipelekwa kuuziwa pambo usikae kulisifu mbele tu, ligeuze. Ukikuta mgongo nao umefunikwa na kioo, hata kama ni rangi mbaya ya mabaki, na mashimo ya skrubu yana kingo za mviringo zilizofunikwa, hiyo ni dalili nzuri sana. Ukikuta mgongo ni chuma kitupu chenye michirizi ya rangi iliyoshuka kutoka mbele, jua hapo ni rangi ya kupuliza au ile ya unga inayookwa, ambayo nayo ina faida zake lakini isiuzwe kwa bei ya enameli. Lishike pia kwa kiganja, kioo huwa baridi na kigumu, na ukikigonga kwa ukucha utasikia mlio mkavu mkali.

Rangi zake ni habari nyengine. Buluu inatoka kwenye kobalti, kijani na feruzi kwenye shaba, kuna wekundu wa waridi unaotoka kwenye dhahabu, na kwa sababu madini hayo yamo ndani ya kioo chenyewe pambo haliparari kwa jua kama rangi ya mkebe. Juu ya shaba mafundi hupenda kutumia enameli inayopitisha mwanga, unaiona shaba inang'aa kwa chini na ukisogea kidogo ile rangi inabadilika, mimi binafsi hakuna pambo ninalolipenda kuliko hilo.

Kazi ni ya kale. Wachina wana ule mtindo wa kugandisha vijiwaya vyembamba juu ya chombo kisha kujaza rangi katikati yake, wao huuita jingtailan kwa jina la mfalme Jingtai aliyetawala kuanzia 1449 mpaka 1457, na Limoges huko Ufaransa walikuwa mabingwa wa enameli ya shaba tangu karne ya 12. Haya ya ukutani yenye majani, mawimbi na duara zilizopandana yalipendwa sana Marekani na Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Curtis Freiler na Jerry Fels wa Los Angeles waliyaunganisha majina yao, na kazi za kampuni yao ya Artisan House zikawa zinatoka na sahihi ya C. Jeré, nyengine za shaba tupu na nyengine za enameli. Stefan Knapp, Mpolandi aliyeishi Uingereza, yeye alifunika ukuta wa nje wa duka kubwa kule Paramus, New Jersey, kwa mabati ya chuma yaliyotiwa enameli, na kule ni mvua na theluji kila mwaka. Kwa hivyo suala la kuvumilia hali ya hewa lilishajibiwa kitambo.

Lakini pwani yetu ina chumvi, na hapa ndo pa kuwa makini. Kioo chenyewe chumvi haikifanyi kitu. Chumvi inaingia pale penye ufa, kwenye ukingo uliobanduka, kwenye tundu la skrubu, na ikishaingia inakula chuma kwa chini kimya kimya mpaka siku unaona enameli inavimba na kuanguka vipande. Kama nyumba yako iko karibu na bahari na una uwezo wa kuchagua, chagua lenye msingi wa shaba. Haliliwi na kutu ile nyekundu, hata likibanduka utaona ukijani tu.

Sasa tuje Lamu, manake nyumba za Lamu zina mambo yake. Vyumba vya mji wa kale ni virefu vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa hivyo huwezi kurudi nyuma ukalitizama pambo kubwa ukaliona lote, tena likichomoza sana kutoka ukutani mtu atalipiga bega akipita na trei ya chai. Yanayopendeza mule ni mapambo marefu ya kulala, yasiyochomoza zaidi ya upana wa kiganja. Mwanga nao unatoka kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, unaingia kwa ubavu, ukifika ndani kabisa ushakuwa mchache, na kioo kinapenda mwanga mchache wa ubavu kuliko taa kali ya moja kwa moja ambayo inakufanya uone mng'aro tu usione rangi. Kwenye nyumba mpya za Malindi zenye madirisha makubwa ya kutizama bahari ni kinyume chake, usilitundike mkabala na dirisha, litundike kwenye ukuta wa pembeni.

Na tusisahau kwamba kupamba ukuta kwa vitu ving'aavyo ni desturi yetu wenyewe. Zile zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, zilikuwa zimejaa sahani na bakuli za kauri za Kichina, na kule Mambrui, juu kidogo ya Malindi, kaburi la mnara lilitiwa bakuli za Kichina kwenye nguzo yenyewe. Kauri ni udongo uliovikwa tabaka la kioo, enameli ni chuma kilichovikwa kioo. Kwa hivyo bibi akisema hayo ni mambo ya wageni mueleze taratibu, atakuelewa.

Majumba mengi kwetu hawapendi sura ya kiumbe ukutani, na hilo ni la kuheshimiwa, usimpelekee mtu zawadi ya ndege au farasi wa shaba akakosa pa kuliweka. Majani, mawimbi, mwezi, nyota, tanga la jahazi, michoro ya kukatana kama ile ya kwenye milango, na maandishi ya Kiarabu, yote yanakubali enameli vizuri sana. Maandishi hasa, manake ukingo wa bati lililokatwa unatoa kivuli ukutani na herufi zinaonekana mara mbili.

Kutundika: ukuta wa matumbawe na chokaa si wa kugongewa msumari. Plasta inamomonyoka, na kama ni plasta ya nakshi ya zamani usiiguse kabisa, mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na nakshi ikishavunjika hairudi ilivyokuwa. Kwenye ukuta wa kawaida toboa kwa drili ya kuzunguka tu, zima ile ya kugonga, tumia skrubu ndefu za chuma kisichoshika kutu au za shaba pamoja na plastiki zake, na lishike pambo sehemu mbili lisiyumbe. Halafu weka vipande vidogo vya mpira au mbao nyuma yake liachane na ukuta kama sentimita moja, kwa sababu ukuta wa chokaa unatoa unyevu na chumvi muda wote na pambo lililobanwa juu yake linaoza kwa mgongo wewe mbele unaona salama.

Kama bei ya pambo la fundi imekushinda, tumia yale masinia na sahani zilizobanduka zisizofaa tena kwa chakula. Zipange sakafuni kwanza, kubwa na ndogo, nyengine zipandane kidogo, uone umbo lako kabla hujagusa ukuta. Zitundike kwa waya wa kushika ukingo, usizitoboe kama si lazima. Ikibidi kutoboa tia tepu juu, toboa polepole huku ukitia maji, na vaa miwani, kinachoruka pale ni kioo. Na usipige msasa enameli ya zamani ndani ya nyumba, rangi nyengine za zamani zina madini ya risasi ndani yake na vumbi lake si la kuvutwa na watoto.

Kusafisha ni kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, kisha ulikaushe. Usitie ndimu wala siki, asidi inaua mng'aro wa kioo, na steliwaya iache jikoni. Pakibanduka usingoje: kwangua kutu yote mpaka uone chuma safi, kausha vizuri, kisha paka gundi ya epoksi iliyochanganywa na rangi inayokaribiana, au hata rangi ya kucha kama pahali penyewe ni padogo. Haitakuwa enameli tena pale, kwa sababu enameli haipakwi bila tanuri, lakini chumvi haitapata njia.