Je, wajua kwa nini mzigo wa baiskeli hufungwa chini?

Muuza maziwa anayeshuka kutoka Limuru alfajiri hubeba mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila upande wa keria, ikining'inia karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma na kukazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 40, na bado baiskeli yake haiyumbi. Mwendeshaji mwingine anayetoka Nairobi kwenda Magadi na kilo 10 tu mgongoni huumwa na mabega kabla hajafika Kiserian, mji ulio mapema kwenye safari hiyo. Je, tofauti hiyo inatoka wapi?

Baiskeli husimama kwa sababu anayeiendesha huisawazisha bila kukoma, akigeuza usukani kidogo kidogo kila inapoinama. Mzigo uliorundikwa juu ya keria husogea mbali zaidi kila baiskeli inapolala upande mmoja, hivyo nguvu ya kuurudisha huwa kubwa, hasa mtu anaposimama juu ya pedali kupanda mlima. Ule ulio karibu na ekseli husogea kidogo tu. Usipokazwa, mzigo hufuata nyuma kwa kuchelewa na kuivuta baiskeli upande ambao mwendeshaji ameshauacha. Mkoba wa mgongoni hauna kasoro hiyo, lakini uzito wake hupitia mabegani na kiunoni hadi kwenye kiti saa baada ya saa, na barabara ya Magadi huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, ambako joto hulowesha mgongo uliofunikwa.

Ndiyo maana kwa safari za lami mimi huchagua keria imara na mikoba miwili ya pembeni yenye uzito sawa, iliyosogezwa nyuma kiasi cha kisigino kutoigusa mikoba hiyo wakati pedali inapozunguka. Hata hivyo, kuweka kila kitu nyuma ni kosa. Wakati wa kurudi, kwenye mpando mrefu wa barabara hiyo ya Magadi kuelekea Corner Baridi, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hutangatanga, huku lile la nyuma likielemewa. Spoku za upande wa gia hukazwa zaidi kuliko za upande wa pili, kwa kuwa gia huchukua nafasi na kuzifanya zisimame wima zaidi. Hizo ndizo hukatika mara nyingi, na kuzibadilisha huhitaji kwanza kuzing'oa gia, kazi ngumu kando ya barabara. Maji, ambayo kila lita ni kilo moja, na vifaa vya ufundi vinafaa kukaa ndani ya fremu, chini kabisa.

Kwenye njia ya changarawe, mikoba myembamba inayofungwa kwenye fremu, chini ya kiti na kwenye usukani hutulia zaidi, ingawa hubeba vitu vichache. Ule wa chini ya kiti upewe nguo. Kitu kizito kikiwekwa mwishoni mwake, utapepea kama mkia. Trela hubeba vingi, lakini huongeza gurudumu la kuvutwa kila mpando.

Kabla ya kuondoka, inua gurudumu la nyuma sentimita chache, kisha uliachie. Chochote kinachogonga kifungwe upya, kwa sababu kitagonga hivyo hivyo kwenye kila shimo hadi Olorgesailie, huko kwenye barabara ya Magadi.