Mwache Acheke Bila Kuziba Mdomo

Sisi tunaotibu meno hapa Nairobi huwatambua wagonjwa fulani kabla hawajaketi kitini. Ukiwasalimu kwa uchangamfu, kiganja kinapanda mdomoni kuficha meno. Wengine wameishi hivyo tangu shule ya msingi, na wanajinyima faida nyingi za tabasamu.

Mwaka 2012, watafiti Tara Kraft na Sarah Pressman wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliwapa watu 169 kazi za kuwatia wasiwasi huku wamebana mdomoni vijiti vya kulia chakula, baadhi yao kwa namna iliyoufanya uso utabasamu. Kazi zilipoisha, mapigo ya moyo ya waliotabasamu yalikuwa ya chini kuliko ya wenzao. Kisha mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa watu 3,878 katika nchi 19: aliyeiga uso wenye tabasamu, au aliyevuta tu pembe za midomo kuelekea masikioni, alijisikia furaha zaidi kidogo. Nasisitiza hilo la kidogo. Tabasamu haliponyi sonona, na mhudumu anayelazimishwa kutabasamu kutwa nzima huchoka tu.

Faida iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kati ya mtu na mtu. Mtoto wa wiki 6 hadi 8, hata hajaweza kukaa, tayari anamjibu mamake kwa tabasamu, na mama naye hawezi kujizuia kulirudisha. Anayeficha meno anajitoa katika mazungumzo hayo.

Wengi wa hao wana meno yenye madoa ya kahawia, na wameambiwa miaka yote kwamba ni wachafu. Si kweli. Chanzo cha kawaida ni floraidi, aina ya madini, ikiwa nyingi katika maji ya kunywa, hasa ya visima virefu vya Bonde la Ufa na vya sehemu kadhaa za Nairobi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikipita, floraidi huharibu meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8. Doa la namna hiyo haliondoki kwa mswaki. Nawasihi msilisugue kwa mkaa, limau wala waya wa sufuria, kwani mnakwangua gamba la jino lenyewe. Daktari anaweza kung'arisha madoa mepesi, na mazito kuyafunika kwa vijazio vya rangi ya jino.

Kwa wenye watoto wadogo, pimisheni maji ya kisima. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi ikabaki. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana, na vichujio vya mkaa wa mifupa huipunguza. Magadi ya kupikia maharagwe nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Baada ya kusikia haya, wazazi wengine huitupa dawa ya meno yenye floraidi. Msiitupe, inazuia meno kuoza. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha mbaazi moja, na afundishwe kutema.